Mawe matatu ya Deep Sea na volkano ya gazetini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Ningeahidi kwamba nitakuwa mfupi, lakini wanaonijua hapa Ngamiani wangecheka.

Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa picha ya mvuvi wa hapa Tanga ameshika jiwe jeusi lenye matundu. Chini yake mwandishi wako akaeleza kwamba hilo ni jiwe la volkano, kwamba limeokotwa ufukweni, na kwamba kwa hiyo huenda chini ya bahari yetu kuna mlima wa moto unaoamka. Akamalizia kwa kusema mapango ya Amboni nayo ni dalili. Jioni ile sikumaliza hata kikombe kimoja barazani kwa muuza kahawa. Bwana mmoja aliniuliza kama awahi kuwapeleka mbuzi wake Muheza. Mwingine alikuwa amekwisha kumpigia simu mwanawe aliye Dar es Salaam, amtafutie chumba. Waliniuliza mimi kwa kuwa wanajua nimekula ugali wa mawe kwa miaka 33.

Kesho yake asubuhi nikapanda bodaboda hadi Deep Sea, kule kwa wavuvi, kumtafuta yule kijana wa kwenye picha. Sikuhangaika; alikwisha kuwa mashuhuri, wenzake wanamwita Volkano. Mawe yake ameyaweka kwenye ndoo ya rangi, na hayakuwa moja. Yalikuwa matatu. Mpiga picha wenu alichagua lililompendeza machoni.

La kwanza nililigeuza mara moja nikajua. Lilikuwa tumbawe. Matundu yake yamejipanga, na ndani ya kila tundu kuna kuta nyembamba zinazokutana katikati kama spoku za baiskeli. Hewa inayotoka ndani ya zaha, ule uji wa mawe unaotapikwa na volkano, haina ustadi huo, hutoboa popote inapopata njia. Ili kijana asidhani namfanyia mazingaombwe, nilikwangua unga kidogo kwa kisu chake, nikaukamulia ndimu. Unga ukatoa povu. Hiyo ni chokaa, jamaa ya mawe yaliyojengea msikiti wa kale wa Tongoni.

La pili ndilo la kwenye gazeti. Ni jeusi, linang'aa kama chupa iliyoyeyuka, lina matundu makubwa na madogo, na ni zito kuliko unavyotarajia. Nilipolisogezea sumaku ya spika mbovu, ikanata mahali fulani. Hilo peke yake halitoshi, maana basalti halali, lile jiwe jeusi la volkano, nayo huvuta sumaku. Lakini lilikuwa na madoa ya kutu, na kwenye ubavu mmoja, ndani kabisa ya kile kioo, palikuwa na kipande cha makaa ya mawe kisichoungua, kikubwa kama punje ya mahindi. Ndugu Mhariri, hilo ni jivu lililoyeyuka kwenye tanuri la meli. Meli zilizoendeshwa kwa makaa ziliingia bandari ya Tanga miaka mingi, na takataka za tanuri zilitupwa baharini. Wahunzi wana jina la uchafu wa namna hii, mavi ya chuma. Haya basi tuyaite mavi ya makaa. Ndiyo volkano yenu ya ukurasa wa mbele.

La tatu lilikuwa dogo, la kijivu hafifu, jepesi kama mkate wa juzi. Nilipoliweka ndani ya ndoo yenye maji likaelea. Kina mama wote wa pwani wanalifahamu: ni jiwe la kusugulia miguu. Na hili, cha kushangaza, ni jiwe la volkano kweli.

Kijana akanitazama. "Kwa hiyo Babu, volkano ipo?"

Hapo ndipo penye shida ninayotaka kuizungumza. Mwandishi wako alianzia mwisho. Aliona matundu, akaruka moja kwa moja kwenye hadithi. Tuliofanya kazi hii tuna mpangilio wetu: kwanza unaeleza unachokiona, kisha unalipa jiwe jina, halafu ndipo unathubutu kusema lilitoka wapi na lilipitia nini. Ukiruka hatua unawatia watu hofu wakahamisha mbuzi.

Mimi si mtaalamu wa jiolojia, nisije nikajivika kilemba cha watu. Nilikuwa fundi wa kukata mawe katika ofisi moja ya serikali Dodoma, tangu 1986 hadi nilipostaafu 2019. Wataalamu wakirudi safari na magunia ya mawe, kazi yangu ilikuwa kuyakata kwa msumeno, kukinatisha kila kipande kwenye kioo kidogo kwa gundi, kisha kukisaga kwa unga wa karborandamu mpaka unene wake ubaki sehemu 3 za mia za milimita. Unywele wako ni mnene kuliko hivyo. Hapo jiwe jeusi tititi hupitisha mwanga kama karatasi ya maandazi iliyolowa mafuta, na ukilitia chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga, unaona rangi ambazo hata dukani kwa khanga hakuna.

Utajuaje kwamba unene umefika? Hatukupima kwa rula. Tulitazama kwazi, yale madini meupe kama vigae vya chupa yanayopatikana hata kwenye mchanga wa ufukweni. Katika vichujio vile kwazi ikiwa na rangi ya manjano, endelea kusaga. Ikigeuka kijivu, acha. Ukisaga tena kidogo tu, jiwe lote linaondoka na maji na unabaki na kioo kitupu mkononi na aibu. Mimi niliviharibu vingi mwaka wa kwanza.

Kosa langu kubwa lakini lilikuwa la mwaka 1988. Lililetwa jiwe kutoka Oldoinyo Lengai, ule mlima wa moto ulio karibu na Ziwa Natron. Nikalikata kama yote, kwa msumeno wenye maji. Baada ya muda naona kipande kinalegea, maji yanakuwa meupe, kingo zinaliwa. Mkubwa wangu wa kazi aliingia akapiga kelele, nadhani zilisikika mpaka stesheni ya reli. Zaha ya Lengai haifanani na nyingine duniani. Imejaa madini ya jamii ya magadi, haya haya tunayotia kwenye maharage, na magadi huyeyuka majini. Hutoka mlimani nyeusi, nyepesi kama mafuta machafu ya gari, ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, wakati zaha ya basalti hupita 1,100. Ikikaa hewani, unyevu huigeuza nyeupe, na mtu wa mbali hudhani ni theluji. Moja ya madini yake linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu. Jiwe kama hilo hukatwa kwa mafuta ya taa, tone la maji lisiguse. Niliambiwa siku ile na sikusahau.

Nalisimulia hili kwa sababu: kama tungekuwa watu wa kutazama rangi tu, jiwe lile tungeliandika "basalti" leo na "chokaa" wiki ijayo, na ni lile lile.

Sasa jina. Miamba iliyotokana na uji wa mawe ulioganda, yaani miamba moto, hupewa jina kwa maswali mawili. Chembe zake ni kubwa kiasi gani? Na ni chembe za madini gani?

Ukubwa wa chembe unaeleweka vizuri kwa mtu aliyekulia Tanga kuliko wa Dodoma, maana sisi tuna mashamba ya chumvi. Waulize wavunaji: maji yakikauka polepole bila kuguswa, chumvi inakuja ya mawe, punje kubwa za pembe nne. Yakikauka haraka unapata unga. Uji wa mawe nao ndivyo unavyofanya. Ukibaki chini ya ardhi, kilomita kadhaa, umefunikwa na kupoa kwa maelfu kwa maelfu ya miaka, fuwele zinapata nafasi ya kukua hadi unaziona kwa macho: hiyo ndiyo graniti, au dioriti, au gabro. Ukitoka nje ukapoa kwa siku au miezi, chembe zinakuwa ndogo hata huzioni bila hadubini: rayoliti, andesiti, basalti. Ukipoa ghafla zaidi, fuwele hazipati hata muda wa kuanza, unapata kioo. Na kioo hicho kikiwa kimejaa hewa kama mkate wa kumimina ulioumuka, ndilo jiwe letu la kusugulia miguu.

Graniti na rayoliti basi ni uji wa aina moja uliopoa kwa mwendo tofauti. Gabro na basalti vivyo hivyo. Watoto wa shule wanakariri majina sita kama mawe sita yasiyojuana. Mjukuu wangu wa kidato cha pili aliniimbia yote bila kukosea. Nikampa kipande cha graniti ya Dodoma, akakigeuza kutafuta mahali palipoandikwa jina.

Swali la pili, la madini, ndilo lililokuwa likiwachosha wataalamu wetu. Mtu anakaa kwenye hadubini, anasogeza kipande hatua moja, anatazama chini ya alama ya msalaba kuna nini, anabonyeza kitufe: kwazi. Hatua moja tena: felispa, madini mengine ya kawaida ya mawe. Tena: ulanga. Mara mia tano, mara elfu, mpaka apate hesabu. Watu wa nje walidhani anacheza. Kwa utaratibu ambao Albert Streckeisen wa Uswisi aliwashawishi wanajiolojia wa dunia waukubali, huwezi kuliita jiwe graniti mpaka kwazi yake ifike kati ya asilimia 20 na 60 ya jumla ya kwazi na felispa. Ikipungua hapo, jina linabadilika hata kama jiwe linafanana kabisa na la jirani. Na kama chembe ni ndogo mno kuhesabika, jiwe linasagwa linapelekwa maabara kupimwa kiasi cha silika, ile inayounda kwazi: basalti ina asilimia 45 hadi 52, rayoliti mara nyingi hupita 70.

Hapa niruhusu nitoke nje ya barabara kidogo, kwa kuwa jambo hili limeingia hadi jikoni kwangu. Binti yangu anayekaa Sahare alinunua bamba la kuwekea jikoni katika duka moja, ameambiwa ni "graniti nyeupe". Pesa nyingi. Mwezi haujaisha, pale anapokatia ndimu za urojo pamefifia, pana alama za duara za glasi, hazitoki kwa sabuni wala kwa dawa. Nilipokwenda kumjulia hali nikachukua kisu, nikakwaruza upande wa chini. Kikakwaruza bila taabu. Nikadondosha siki, ikachemka. Yalikuwa marumaru, namaanisha marumaru ya kweli, si hivi vigae vya sakafuni tulivyovibandika jina hilo. Marumaru ni chokaa iliyopikwa na joto na mgandamizo. Ni mwamba geu, hata kwenye ukoo wa graniti haimo. Ndimu inaila. Graniti ndimu haiiwezi, na kisu cha jikoni hakikwaruzi kwazi hata ukikasirika. Nilimfuata muuzaji. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mzee wangu, sisi hapa kila kinachong'aa ni graniti." Akanionyesha na "graniti nyeusi", ambayo nilipoiinamia niliona ni gabro, haina kwazi ya kuonekana, felispa zake za kijivu zimelala ndani ya piroksini, madini meusi. Ni jiwe zuri, gumu, asingemdhulumu mtu kwa hilo. Nikamwambia aliite gabro. Akasema mteja akisikia gabro atadhani ni ugonjwa.

Turudi kwenye ndoo ya Deep Sea.

Hatua ya tatu ni kusoma jiwe limepitia nini, na hapo ndipo raha ilipo. Chukua mawe ya Kibo, kule Kilimanjaro. Kuna aina yenye fuwele za felispa ndefu kama kidole, zimekatwa mshazari kama kashata, zimetapakaa ndani ya jiwe laini jeusi. Fuwele kubwa ndani ya unga mdogo, zote katika jiwe moja, maana yake uji ulipoa mara mbili: kwanza polepole huko chini, kashata zikakua, kisha ukarushwa juu, uliobaki ukaganda haraka. Jiwe hilo unaweza kulisoma umekaa kwenye kiti. Lakini unaweza kulisoma hivyo kwa kuwa limekatwa mlimani lilikozaliwa, na aliyelikata ameandika mahali.

Jiwe linaloelea halina kwao. Lile la tatu nililitazama kwa lenzi. Kioo kimevutika kuwa nyuzi nyuzi, kina viputo virefu, na humo mna vichembe vyeupe vya felispa. Rangi yake hafifu inaonyesha uji wenye silika nyingi, mzito, unaobana gesi hadi ulipuke. Hadi hapo nimeeleza na nimelipa jina. Kisha nikaona kitu ambacho mwandishi wako angekiona kama angeligeuza: kwenye upande mmoja palikuwa na vigamba vidogo vya viumbe wale wanaojinatisha kwenye matumbo ya ngalawa zisizosuguliwa muda mrefu. Vilikuwa vimekufa lakini vimeshika. Viumbe hao hawaoti kwa siku mbili. Jiwe lile limesafiri.

Na mawe haya ni wasafiri hodari. Krakatoa ilipolipuka Agosti 1883 kule kati ya Java na Sumatra, mapande ya povu lake yalielea bahari yote ya Hindi, na mwaka uliofuata yakaokotwa kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ni zaidi ya kilomita 7,000. Mkondo wa bahari huvuka kutoka mashariki kuja kwetu, na wavuvi hawahitaji mimi niwafundishe kinacholetwa na kusi. Ukitaka kujua mlima wenyewe, kioo cha jiwe hupimwa maabara kikalinganishwa na cha milima inayojulikana. Kwa macho haiwezekani, na kwa picha ya simu ndiyo kabisa.

Nasema haya nikijua bahari yetu haikosi volkano kabisa. Ngazija wana Karthala, na mwaka 2019 wanasayansi waligundua mlima mpya chini ya maji, mashariki ya kisiwa cha Maore (Mayotte), uliokuwa umeinuka zaidi ya mita 800 kutoka sakafuni mwa bahari. Lakini huko ni mbali na Tanga, na zaha yao ni ya jamii ya basalti, nyeusi. Hapa mjini tumekaa juu ya matumbawe. Ukienda Maweni na Pongwe unakuta mawe ya chokaa, na mapango ya Amboni yamo ndani ya chokaa hiyo hiyo, ya zamani sana, kama miaka milioni 150. Yalichimbwa na maji yanayoyeyusha jiwe taratibu, hapakuwa na moto. Usambara nako ni miamba geu. Ndugu zetu wa Lushoto walale.

Ombi langu ni dogo. Tafadhali toeni sahihisho, na liwekwe ukurasa ule ule wa mbele, kwa sababu bwana wa mbuzi hafiki ukurasa wa barua. Na mara nyingine mwandishi wenu akiletewa jiwe, alivunje kwanza apate uso mpya, maana uso wa nje umechafuka na chumvi na jua. Aandike: zito au jepesi, chembe zinaonekana au hazionekani, rangi gani na gani, kisu kinakwaruza au hakikwaruzi, ndimu inatoa povu au haitoi, limeokotwa wapi na nani, limelala juu ya nini. Anaweza kuyapata haya yote kwa nusu saa na shilingi mia mbili za ndimu. Akikwama aje kwangu, Barabara ya 12, aulize kwa Mzee Mawe. Lenzi ninayo, na kahawa nitamnunulia.

Asije lakini akitarajia kuona jiwe lenyewe. La mavi ya makaa kijana kaniachia, liko barazani linazuia mlango usipigwe na upepo. Lile la volkano halisi nilimwomba aniuzie akakataa. Mkewe amekwisha kulichukua, na siku niliyopita kwao kumsalimia nilimkuta uani anasugulia visigino.

Wako,
Fundi mstaafu wa mawe,
Ngamiani, Tanga